Jinsi ya kupanga safari ya kuona maua ya cheri Washington bila kukuta yameshadondoka

Mwaka 2024 nilifunga safari toka Columbus, Ohio, kwenda Washington kuona yale maua ya cheri ambayo kila mwaka yanajaa kwenye simu za watu. Hoteli nilibuku tangu Januari, wikiendi ya kwanza ya Aprili, maana kila niliyemuuliza aliniambia Aprili ndo mwezi wenyewe. Nimeendesha karibu saa saba na watoto wawili nyuma, tumefika pale kwenye maji ya Tidal Basin, miti imeshatoa majani ya kijani, ua hata la dawa hakuna, chini zimebaki petali za kahawia zimekanyagwa zimegandana na tope. Mkubwa wangu akaniuliza, "Mama, yako wapi?" Hela ya hoteli hairudi, mafuta yameshaungua, na Jumatatu nina kazi.

Mwaka uliofuata nikapanga tofauti na tukayakuta. Naandika hapa jinsi nilivyofanya ili mtu mwingine asipitie ile Jumamosi.

Kitu cha kwanza ambacho sisi tuliokulia Afrika Mashariki inabidi tukisahau ni ile picha ya mti wa maua unaotusubiri. Mkrismasi wa Dar ukishawaka mwekundu mwezi wa kumi na mbili unakaa hivyo wiki kwa wiki, jakaranda za Nairobi nazo zikianza kumwaga zambarau barabarani una muda wa kutosha kumpigia shangazi aje wikiendi ijayo. Cheri haiko hivyo. Ikifika kilele una siku nne, tano, wiki ukibahatika, hali ya hewa ikitulia kabisa zinaweza kusogea kidogo, na ikija mvua ya upepo usiku mmoja asubuhi unakuta matawi matupu. Afu kilele chenyewe hakina tarehe. Hifadhi za Taifa za Marekani ndo wanaoitunza ile miti na wanaita kilele siku ile ambayo asilimia 70 ya maua ya aina ya Yoshino yamefunguka. Wastani ni mwisho wa Machi kuingia siku za mwanzo za Aprili, lakini mwaka 1990 kilele kilikuja Machi 15 na mwaka 1958 kikaja Aprili 18, yani kati ya wa mapema kuliko wote na wa mwisho kuna zaidi ya mwezi mzima. Sasa wewe unabuku Januari kwa tarehe moja, unategemea nini?

Kwa hiyo kalenda iweke pembeni, unaufuata mti.

Mie nilifanya hivi. Nilichagua wikiendi tatu badala ya moja, ile ya kabla ya mwisho ya Machi, ya mwisho yenyewe, na ya kwanza ya Aprili, nikamwambia bosi mapema kwamba Ijumaa moja kati ya hizo tatu nitaomba kutoka mapema na nitamthibitishia siku kumi kabla. Alikubali, maana nilimwambia Februari. Malazi nikatafuta yale ambayo unaweza kughairi bila kukatwa, yapo, yanazidi bei kidogo lakini hiyo nyongeza ndo unanunulia uhuru wako, nikashika wikiendi mbili kwa mpigo na moja nikaja kuiachia. Soma yale maandishi madogo kabla hujaweka kadi, angalia mwisho wa kughairi ni saa ngapi na ni saa za wapi. Kama unakuja kwa ndege au basi hapo ni pagumu zaidi, ila kama uko ndani ya masafa ya kuendesha, Columbus, New York, Raleigh, Pittsburgh, basi gari lako ndo silaha yako kubwa maana unaamua Jumatano unaondoka Ijumaa.

Kwa ndugu wanaotokea nyumbani kabisa, Dar au Mombasa au Kampala, mambo ya viza yanabadilika kila mara kwa hiyo anzia ubalozini kabla ya kulipa chochote, na usije kwa ajili ya maua peke yake. Njoo wiki mbili, uwe na ndugu wa kumtembelea, uzungushie safari kwenye wiki ya mwisho ya Machi na ya kwanza ya Aprili, hapo maua yakija yanakukuta tayari upo.

Haya, kusoma mti. Kuanzia mwisho wa Februari au mwanzo wa Machi wale wa Hifadhi wanatoa utabiri wao, na tovuti yao wanaandika miti imefikia hatua gani, kuna na kamera ya moja kwa moja inayoangalia maji siku nzima. Utabiri usome lakini usiushikilie kama msahafu. Mwaka ule wa 2024 walitabiri kilele kati ya Machi 23 na 26, miti ikafika Machi 17, joto liliisukuma. Mwaka 2025 wakasema Machi 28 hadi 31, ikawa Machi 28 kweli. Wenyewe wanasema zaidi ya siku kumi kabla ni karibu haiwezekani kujua kwa uhakika, kwa hiyo utabiri wa mwanzo wa mwezi ni wa kukuandaa tu. Cha kushika ni hatua za tumba.

Hatua ziko sita. Kwanza tumba linapata ukijani kwenye ncha. Pili ndani yake unaanza kuona vijitumba vidogo vilivyobanana. Tatu vile vidogo vinajitokeza nje. Nne vikonyo vinarefuka, kila kiua kinaning'inia kwenye kijiti chake kama hereni, na hapa ndo shika simu yako, maana toka hatua hii hadi kilele mara nyingi ni siku tano hadi kumi. Tano matumba yanatuna yanakuwa meupe, yamejaa kabisa lakini hayajapasuka, hapo zimebaki siku nne hadi sita. Sita ni kilele. Mie sheria yangu ni kwamba wakitangaza hatua ya nne naangalia hali ya hewa ya siku kumi mbele, kama kuna joto nahesabu upande wa siku chache, kama kuna baridi nahesabu upande wa siku nyingi, nathibitisha malazi ya wikiendi moja naachia nyingine. Wakitangaza ya tano nafungasha. Usisubiri ya sita ndo uanze kutafuta chumba, hapo mji umeshajaa, watu zaidi ya milioni wanaingia msimu ule, na bei zinapanda asubuhi na jioni.

Kuna na mti mmoja wanauita wa kionyesho, unachanua kama wiki hadi siku kumi kabla ya wenzake. Ukiona picha zake zinasambaa na watu wanasema maua yametoka, usikurupuke, yeye ni mpiga mbiu tu.

Malazi, kwa maoni yangu usilale katikati ya mji. Bei ya pale msimu huo inaumiza na hupati chochote cha ziada. Angalia Arlington au Alexandria upande wa Virginia, au Silver Spring upande wa Maryland, sehemu yoyote yenye stesheni ya Metro, zile treni za mjini, unayoifikia kwa miguu. Silver Spring mie naipenda zaidi kwa sababu ya chakula, migahawa ya Wahabeshi imejaa pale, na kwa mtu aliyechoka mikate ya kubana, sahani kubwa ya injera na mchuzi wa moto jioni ni dawa. Toka viwanja vya ndege, Reagan uko jirani kabisa na mji na Metro inaingia ndani, Dulles uko mbali lakini toka Novemba 2022 treni ya laini ya Silver inafika, kwa hiyo huna haja ya teksi ya bei mbaya.

Mjini tumia Metro. Shuka stesheni ya Smithsonian, toka mlango wa Independence Avenue, afu ni kutembea kama dakika kumi au kumi na tano hadi Tidal Basin, ule ndo mzunguko wa maji wenye miti pembeni, na siku ya kilele huhitaji ramani, fuata watu. Gari ukitaka kuliingiza kule mchana wa wikiendi utakaa kwenye foleni ukiangalia maua kupitia kioo. Liache kwenye maegesho ya stesheni ya nje ya mji, mengi ya Metro wikiendi hayatozi. Ila angalia treni ya kwanza ya wikiendi inatoka saa ngapi, maana siku za wikiendi zinaanza kwa kuchelewa, na hilo linagusa jambo ninalotaka kusema sasa hivi ambalo kwangu lina uzito kuliko yote yaliyobaki.

Nenda alfajiri. Sio asubuhi, alfajiri.

Mwisho wa Machi jua la Washington linachomoza mnamo saa moja. Wifi yangu alikuwa ameshahamia Silver Spring, usiku ule tulilala kwake, na ile Jumamosi ya Machi 29 ilikuwa siku ya mwisho mwisho ya Ramadhani, kwa hiyo daku tulikula, tukaswali, hakuna aliyerudi kulala, tukaingia kwenye gari moja kwa moja kwa sababu treni zilikuwa hazijaanza. Saa kumi na mbili na nusu tumepata pa kupaki kwenye barabara ya Ohio Drive bila hata kuzunguka. Maji yametulia kama sinia. Miti upande wa pili ilikuwa kama moshi mweupe umelala juu ya maji, bado hakuna rangi, afu kukaanza kupambazuka nyuma ya Jefferson Memorial, lile jengo la kumbukumbu, na ule weupe ukaingia upinki kidogo kidogo, juu mara moja na chini kwenye maji mara moja. Wapiga picha na vyuma vyao walikuwepo, wakimbiaji wawili watatu, na kimya. Wanangu ambao nyumbani hawanyamazi walisimama wakishikana mikono. Saa tatu tunaondoka, njia ilikuwa imejaa hadi kigari cha mtoto hakipiti.

Ukiwa pale usiangalie tu kwa mbali, sogelea mti mmoja. Gome la cheri lina mistari ya kulala, mifupi, kama mtu kalichanja na wembe, na miti mizee imepinda, mingine shina limepasuka lina uwazi unaweza kuingiza mkono, lakini toka kwenye lile gome jeusi lililokufa kunachomoza kishada cha maua matatu manne bila jani, bila tawi, moja kwa moja. Ua la Yoshino lina petali tano, likiwa tumba lina upinki, likifunguka linakuwa jeupe, na majani hayaji mpaka maua yamalize kazi yake ndo maana mti mzima unaonekana ua tupu. Usichume na usivute tawi, ni kosa kisheria na tawi lililovunjika halirudi, kijana mmoja nilimwona anapanda kwenye shina apigwe picha, nikamwambia na akashuka. Na usisimame juu ya mizizi, udongo ukikanyagwa na maelfu ya watu unashikamana mti unakosa hewa. Waambie watoto kabla hamjashuka kwenye gari, wanaelewa wakiambiwa sababu.

Inasaidia kuwahadithia na miti ilikofikia pale. Mwanamke mmoja wa Kimarekani, Eliza Scidmore, aliiona Japani na akaanza kuomba ipandwe Washington tangu 1885, akakataliwa na kukataliwa miaka zaidi ya ishirini mpaka mke wa Rais Taft, Helen, alipolichukua wazo lake. Mwaka 1910 ikaja miti 2,000 toka Tokyo, wakaikagua wakakuta wadudu na magonjwa, ikachomwa moto. Meya wa Tokyo, Yukio Ozaki, badala ya kununa akaridhia itumwe mingine, 3,020, na Machi 27, 1912 Helen Taft na mke wa balozi wa Japani, Chinda, wakapanda miwili ya kwanza pale pale kwenye maji. Mwaka 1981 mafuriko yaliharibu miti kwao Japani na wataalamu wao wakaja kuchukua vipandikizi toka hii ya Washington. Zawadi ikarudi nyumbani. Binti yangu hiyo ndo sehemu aliyoikariri.

Kitu kingine cha kujua, ukuta unaozuia maji pale ulikuwa unazama, njia inafurikwa mara kwa mara, kwa hiyo kuanzia 2024 wakaanza kuujenga upya na ikabidi waondoe miti mingi, 158 ni ya cheri. Baadhi ya njia zilifungwa kwa ajili ya kazi hiyo, angalia kabla hujamwahidi mtu kwamba mtazunguka maji yote. Mzunguko mzima ni zaidi ya kilomita tatu, mzee wa magoti usimpeleke kote, mpeleke upande wa kumbukumbu ya Martin Luther King, ni tambarare, miti imeizunguka, na akiinua macho anamwona King amesimama kwenye jiwe katikati ya maua. Baba mkwe wangu alikaa pale saa nzima akasema imemtosha.

Mavazi, usidanganyike na picha. Alfajiri ni baridi ya kutosha kukufunga vidole, mchana unaweza kuvua koti, kwa hiyo sweta, jaketi ya kuzuia upepo, na viatu vilivyofungwa maana nyasi zina umande. Beba maji na chakula chako, thermosi ya chai ya tangawizi ina thamani kuliko dhahabu pale. Mwenye mafua ya vumbi la maua ameze dawa yake mapema.

Ukishamaliza asubuhi, majumba ya makumbusho ya Smithsonian ni bure na yako hatua chache. La historia ya Wamarekani Weusi linataka tiketi ya muda maalum, ni bure ila unaichukua mtandaoni kabla, fanya hivyo siku ile ile unayothibitisha malazi. La sanaa ya Afrika halina foleni hizo, na nyuma ya jengo la zamani la Smithsonian lenye minara kama ngome kuna bustani yenye magnolia, maua yake makubwa kama kikombe cha chai, hayo yanawahi kabla ya cheri, kwa hiyo ukifika mapema mno anzia hapo.

Sisi Jumapili ikawa Idi. Tuliswali, tukala, mchana tukarudi tena kwa treni ingawa tulijua umati utakuwepo, na siku hiyo umati ndo ulikuwa raha yenyewe: vijana wa Kisudani na kanzu nyeupe pee, mabinti wa Kipakistani na rangi zote, na mama mmoja mtu mzima kavaa dera na koti zito juu yake, namsikia anamwambia mjukuu wake kwa Kiswahili cha pwani kabisa, "Simama hapo, usicheke sana, ntakupiga picha nimpelekee bibi yako Tanga." Tukapeana mkono wa Idi chini ya mti.

Na ukichelewa je? Maana hata ukifanya yote haya unaweza kuchelewa, kazi ni kazi. Usigeuze gari. Aina ya Kwanzan, ile ya pinki iliyokolea yenye petali nyingi zimebanana kama waridi, inachanua kama wiki mbili baada ya Yoshino, na iko East Potomac Park, ile rasi ya Hains Point kusini ya Jefferson Memorial, pana, nyasi tele, watu wachache. Bustani ya taifa ya miti, National Arboretum, nayo ina cheri za aina nyingi zinazopokezana wiki kadhaa na kuingia ni bure. Nilipokuja kulijua hili nilikaa nikahesabu: mwaka ule wa 2024 kilele kilikuwa Machi 17, weka wiki mbili na ushee, unaangukia karibu na wikiendi ile ile niliyosimama na watoto wangu kwenye miti mitupu. Ilikuwa ni kuvuka daraja tu na kutembea.